Jicho Hutangulia Sindano

Baada ya alasiri, kivuli kinapoifikia baraza ya shangazi yangu pale Jang'ombe, Zanzibar, yeye hutoka na kikapu chake cha ukili, akatandika mkeka, akaketi na kuegemea ukuta. Kikapuni mna vipande viwili vya kitambaa cheupe, uzi, subana iliyobonyea, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichochomekwa sindano kumi. Sabuni huzifanya sindano ziteleze. Zote kumi zimekwishatungwa uzi tangu asubuhi, na sababu yake nitaieleza mbele.

Shangazi hushona kofia. Alianza kabla sijazaliwa, na mimi nimekua nikikaa naye baraza hiyo, nikimtazama kama kila mpita njia anavyomtazama: kwenye vidole. Vidole ndivyo vinavyosifiwa. Watu husema fulani ana mkono, wala hujasikia mtu akisema fulani ana jicho, ila kwa maana mbaya ya husuda. Mwaka huu, baada ya kusoma habari za wanasayansi waliomaliza umri wao wakifuatilia macho ya watu yanakwenda wapi, nikaacha kutazama vidole vyake. Nikaanza kumtazama macho.

"Kuna nini usoni mwangu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hamna kitu, shangazi. Natazama unavyotazama."

"Basi tazama kwa adabu."

Kofia ya mkono, bulibuli, haishonwi kama kanzu. Ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukanda unaozunguka kichwa, na zote mbili hutiwa nakshi kabla hazijakutana. Mchoro huwekwa kwanza kwenye kitambaa kwa penseli, mstari mwembamba ambao mtu asiyeujua hauoni. Halafu inaanza kazi yenyewe. Kitambaa hutobolewa vitobo vidogo sana, na ukingo wa kila kitobo huzungushiwa uzi, mshono ukigusana na mshono, mpaka kitobo kinakuwa na mdomo mgumu usiofumka. Hivyo ndivyo viua, na kofia ikijaa viua hewa hupita na kichwa hupoa. Baina ya viua hupita mishono ya kufuata mchoro, na pale panapotakiwa pavimbe patavimba, panapotakiwa palale patalala. Kofia moja hula majuma, na yenye kazi nzito hula miezi. Ikiisha, vipande viwili huunganishwa, kofia ikafuliwa, ikatiwa kanji na kuvishwa kalibu ikauka imesimama.

Mwanamume anayeivaa siku ya Iddi hupata sifa za unadhifu, na aliyeishona hatajwi. Lakini hilo ni neno jingine. Siku hizi kuna kofia za mashine, rahisi, na sina ugomvi na anayezivaa. Ila ukizipanga kumi utaona viua vyote ni vya kipimo kimoja, vimelala vyote namna moja. Mashine haikutazama popote ilipokuwa ikishona. Katika kofia ya shangazi kuna kiua kimebanwa kidogo ili kile cha pili yake kipate nafasi, na ukanda mzima unafika mwisho bila kubaki nusu ya ua. Mtu aliona, akapima, akaamua, mara mia kadhaa.

Sasa, kuona huko ni kitu gani?

Nyoosha mkono mbele yako utazame ukucha wa dole gumba. Eneo hilo, si kubwa kuliko hilo, ndilo ambalo jicho lako hulipata kwa usafi wake wote kwa wakati mmoja. Nje ya hapo picha huanza kufifia, na kadiri unavyokwenda pembeni kinachobaki ni umbo, mwendo na rangi hafifu. Nyuma ya jicho, katikati ya utando unaopokea mwanga, pana kidoa ambamo chembe za kuonea zimesongamana, na kwingineko zimetawanyika. Kwa hiyo jicho haliwezi kukaa mahali pamoja likaiona dunia. Inalilazimu likichukue kile kidoa chake na kukihamisha huku na huko, kama shomoro kwenye ungo wa mchele: hudona hapa, huruka, hudona pale. Kila kituo huchukua robo ya sekunde, wakati mwingine zaidi kidogo. Mruko wenyewe huisha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mara tatu hivi kila sekunde. Ukihesabu tangu alfajiri hadi unapolala, zaidi ya mara laki moja kwa siku. Moyo wenyewe haufiki kasi hiyo.

Na hatuna habari. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Utaona jicho limetua kulia, utaona limetua kushoto, lakini hutaliona likienda. Mwite mwenzako akutazame: yeye ataliona likiruka waziwazi. Raymond Dodge, Mmarekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1900. Wakati wa mruko ubongo huizuia picha, kwa sababu ingekuwa mchirizi mtupu, nasi tukaishi tukidhani tunaitazama dunia bila kukatika. Wazee walisema macho hayana pazia. Kumbe yanalo, na hushushwa na kupandishwa mara tatu kila sekunde.

Kuna jingine la ajabu kupita hilo. Hata kituoni, mtu anapokodoa macho kwenye nukta moja, jicho halitulii. Hutetema kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Uingereza na Marekani walitengeneza vifaa vilivyoifanya picha ifuate mtetemo huo, ili ndani ya jicho picha ikae palepale isisogee hata unywele. Baada ya sekunde chache picha ilififia, ikatoweka. Mtu yuko macho, mwanga uko mbele yake, wala haoni kitu. Jicho likitulizwa kabisa huacha kuona.

Niliposoma hayo nilitaka kujua watu walijuaje, na hapo ndipo nilipokutana na ufundi mwingine, ambao naona ni ndugu wa kushona kofia. Maana jicho ni kitu kigumu kukifuatilia. Ni dogo, ni laini, halivumilii kuguswa, na ukilitazama kwa jicho lako mwenyewe, lako nalo linaruka.

Wa kwanza hawakulitazama. Walilisikiliza. Mwaka 1879, mwanafiziolojia Mjerumani Ewald Hering aliweka mirija ya mpira juu ya kope, mfano wa daktari anavyosikiliza kifua, akamwacha mtu asome. Akasikia vishindo vidogo, vifupi, vizito, kimoja baada ya kingine. Zama hizohizo mjini Paris, Lamare, aliyekuwa akifanya kazi na daktari wa macho Émile Javal, naye alikuwa akihesabu mirindimo ya jicho kwa sikio. Kabla ya hapo msomi yeyote angekuapia kwamba jicho huteleza juu ya mstari wa maandishi kama dau juu ya maji shwari. Ilibidi mtu atege sikio ndipo ijulikane kuwa linaruka. Kutoka huko Paris ndiko jina la Kifaransa la mruko huo lilikoenea, sakadi, neno la mtu anapoivuta hatamu ya farasi ghafla. Javal mwenyewe alipatwa na presha ya macho, na kufikia mwaka 1900 alikuwa kipofu. Aliendelea kuandika, safari hii juu ya maisha ya wasioona.

Edmund Huey yeye hakuridhika na sauti, alitaka mchoro. Mwaka 1898, huko Marekani, alitengeneza kikombe kidogo cha plasta chenye umbo la uso wa jicho, akakiachia tundu katikati mtu apate kuona. Akalitia jicho dawa ya ganzi, akalivalisha kikombe, na kwenye kikombe akafunga kijiti chepesi cha aluminiamu. Ncha ya kijiti iligusa karatasi iliyofukizwa masizi, iliyovingirishwa kwenye pipa linalozunguka. Jicho likaanza kusoma, na kijiti kikachora ngazi: hatua, kituo, hatua, kituo, kisha mruko mmoja mrefu wa kurudi mwanzo wa mstari wa pili. Nawaza subira ya mtu yule, na zaidi nawaza subira ya aliyekubali kuvalishwa plasta jichoni kwa ajili ya elimu. Miaka mitatu baadaye Dodge na mwenzake Cline wakapata njia ya huruma: wakaupiga picha mwanga unaong'aa juu ya jicho, nao mwanga ukaandika safari ya jicho kwenye bamba la kamera linaloshuka polepole. Mitambo ya leo, yenye miale ya infraredi na kamera inayopiga picha hata 1,000 kwa sekunde, bado inafuata kimeremeto kilekile.

Ila aliyenikalisha mimi usiku ni Alfred Yarbus wa Moscow. Naye alirudia vikombe, vya kunyonya, vilivyoshika jicho kama pweza anavyoshika jiwe, vyenye kioo kidogo cha kurudisha mwanga. Kope zilizuiwa kwa gundi zisifumbe. Alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin unaoitwa "Hawakumtarajia": mwanamume amerudi kutoka uhamishoni, anaingia sebuleni, na familia yake inageuka kumtazama. Mwanzo alimwacha atazame apendavyo, dakika tatu. Kisha akamwuliza swali: watu hawa wana hali gani, matajiri au masikini? Mchoro ni uleule na jicho ni lilelile, lakini njia ilibadilika, likazunguka kwenye samani na nguo. Akauliza umri wa watu, jicho likaganda kwenye nyuso. Akauliza mgeni amekuwa mbali muda gani, jicho likawa linakwenda na kurudi baina ya uso wa mgeni na nyuso za waliomo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu wawili. Michoro saba ya njia hizo za jicho ilisambaa duniani kitabu chake kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, na hadi leo haijachoka kuonyeshwa. Inasema kwamba jicho haliendi kwenye kinachong'aa tu. Linakwenda kwenye jibu.

Nilijaribu jambo la Yarbus pale barazani, bila kikombe wala gundi. Nilimpa shangazi kofia ya mtu mwingine, nikamwuliza, "Hii nzuri?" Akaipitisha macho juujuu, kama mtu anayetazama mtaa kutoka kwenye gari. Nikamwuliza, "Aliyeishona alikuwa na haraka?" Akaigeuza ndani nje kabla sijamaliza. Macho yakatua pale ukanda unapoungana, yakakaa, yakaenda kwenye mafundo ya uzi, yakarudi kwenye ungio. "Hapa alikuwa na haraka," akasema, akinionyesha kwa ncha ya sindano. "Huku mwanzo hakuwa nayo." Mimi sikuona tofauti yoyote. Ilikuwa mbele ya macho yangu, lakini macho yangu hayakuwa na swali.

Sasa kazini mwenyewe. Mwaka 1999 Michael Land wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake walichapisha utafiti wa kitu kisicho na makuu: watu wakipika chai. Waliwavisha kamera kichwani, wakaandika jicho linatua wapi kwa kila kitendo, tangu birika lilipochukuliwa hadi kikombe kilipojaa. Ilikuwa chai ya Kiingereza, isiyo na iliki wala mdalasini, lakini waliyoyaona ni mazito. Karibu kila mtazamo ulikuwa na kazi. Jicho halikuzurura jikoni. Lilikwenda kwenye birika kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kuanza kulifanyia kazi, na mkono ukiwa bado haujamaliza, jicho lilikwishaondoka kwenda kwenye kitu kinachofuata. Land alizigawa kazi za jicho katika nne: kutafuta kitu kilipo, kuuelekeza mkono, kuongoza vitu viwili vikutane, na kukagua kama jambo limekamilika. Mkono ni kibarua na jicho ni msimamizi, na msimamizi mwema hakai kumkodolea kibarua. Yuko mbele, anatayarisha kazi ya baadaye.

Nilikwenda Jang'ombe na hilo kichwani, nikakaa karibu na shangazi kupita ilivyo desturi. Nikaona. Sindano inaingia, kidole cha mkono wa kushoto kiko chini ya kitambaa kinaipokea ncha kwa kugusa tu, gizani, na jicho halina shughuli nacho. Wakati sindano bado imo kitambaani, macho yamekwishahamia: nukta moja mbele, pale ncha itakapoingia tena. Uzi unavutwa, mkono unapanda hewani na kushuka, na unaposhuka unashukia palepale macho yalipokuwa yakingoja. Mshono ukishafungwa, huja mtazamo mfupi wa kurudi nyuma, wa kukagua, kisha mbele tena. Mara moja baada ya mishono kadhaa macho huondoka kabisa, hupanda hadi ukingo wa kitambaa, huvipitia viua vilivyobaki, na kushuka. Hapo nadhani anahesabu nafasi.

"Shangazi, huiangalii sindano."

"Niiangalie ya nini? Sindano naijua. Naangalia inakokwenda."

Land angelipa fedha kulisikia hilo.

Jang'ombe ni mtaa wa mpira, wenye timu mbili zilizotokana na jina lake, Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, na huwezi kukaa baraza yoyote jioni bila kusikia makipa wakisifiwa au wakitukanwa. Basi nao wana sehemu yao katika elimu hii. Mwaka 2002 Geert Savelsbergh na wenzake walilinganisha makipa wazoefu na wanagenzi waliokuwa wakitazama filamu za penalti huku wakifuatiliwa macho. Wanagenzi walimtazama mpigaji kiwiliwili, mikono na nyonga, yaani pale panapodanganya. Wazoefu walituliza macho mahali pachache, kwa muda mrefu zaidi, na kadiri mguu ulivyoukaribia mpira ndivyo walivyotua kwenye mguu unaopiga, mguu uliosimama na mpira wenyewe. Nilimweleza kijana mmoja wa mtaani anayedaka. Akasema hilo kila mtu analijua. Labda. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuyazuia macho yasifuate nyonga ya mtu anayekukimbilia ni ufundi unaojengwa kwa miaka.

Shangazi alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kabla ya skuli, kwa hiyo macho yake yalijifunza kwanza kwenda kutoka kulia. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi tunazosomea leo. Kuna utafiti wa mwaka 1981 wa Alexander Pollatsek, Keith Rayner na wenzao juu ya watu wanaosoma Kiebrania na Kiingereza. Msomaji huwa anachungulia herufi zilizo mbele ya kituo chake kabla ya kuruka. Waligundua kuwa watu haohao wakisoma Kiingereza huchungulia zaidi upande wa kulia, na wakigeukia Kiebrania uchungulizi nao hugeuka, ukaenda kushoto. Jicho hutangulia kokote kazi inakoelekea. Baada ya magharibi, shangazi anapouweka msahafu kando akachukua simu kusoma ujumbe wa mwanawe, geuko hilo hutokea ndani yake bila hata kupepesa.

Anaisoma ile simu kwa mbali, mkono umenyooka. Na hapa ndipo zinaporudi zile sindano kumi.

Baada ya umri wa miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Ujanani ni laini, hujivimbisha ili kuona cha karibu. Ikikakamaa haijivimbishi tena, na cha karibu huwa ukungu. Si ugonjwa, ni utu uzima. Humfika mkulima na humfika waziri, lakini mkulima anaweza kulima bila kuona tundu la sindano. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Zanzibar, baadhi ya waliouandika wakiwa Wazanzibari, juu ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Karibu 9 katika kila 10 walikuwa na shida hiyo ya kuona karibu. Na katika waliohitaji miwani, walioipata hawakufika hata mmoja kati ya watano. Miwani yenyewe ni ile ya kusomea, isiyo na ugumu wowote.

Ukiyasoma hayo ukiwa umetoka kutazama kazi ya viua utaona hasara ilivyo. Fundi wa kofia anakuwa na viganja vyenye miaka 30 ya mazoezi, na msimamizi wake, aliyezoea kufika nusu sekunde kabla, sasa anafika na asione vizuri alikofika. Shangazi alipambana kimyakimya. Alihamisha kazi kutoka usiku kuileta kwenye mwanga wa alasiri, kwani mwanga ukizidi mboni hubana, na picha husafika kidogo. Alikisogeza kitambaa mbali, kiasi kwamba mabega yalianza kumuuma. Miwani ya kwanza aliyoletewa ilikuwa imechaguliwa kwa kubahatisha, akawa anaona vizuri akiwa ameinama tu, akaiweka kabatini pamoja na mambo mengine ya watoto wake. Ya pili alipimwa. Kwa hiyo anashona. Lakini tundu la sindano ni hesabu nyingine, na kila uzi unapokwisha ni lazima uingizwe mwingine.

Mjukuu wake wa miaka tisa ndiye anayetunga. Kila asubuhi, akiwa na sare ya skuli, husimama mlangoni penye mwanga, akaulamba uzi ncha, akaupitisha. Sindano kumi kwa dakika chache, na kuzichomeka kwenye sabuni kwa mstari. Zikimalizika kabla ya magharibi, kazi ya siku imekwisha.

Alasiri akirudi huketi nyuma ya bega la bibi yake. Hajaruhusiwa bado kushika kitambaa cha kofia; ana kipande chake cha mazoezi, mfuniko wa kawa, na pale nimemwona akishona. Macho yake hung'ang'ania sindano. Huifuata ikiingia, huifuata ikitoka, na ikishatoka ndipo huanza kutafuta mahali pa kuichoma tena. Nilisoma kuwa ndivyo ilivyo kwa mwanagenzi. Mwaka 2005 Uta Sailer, Randall Flanagan na Roland Johansson waliwapa watu kifaa cha ajabu cha kusogeza alama kwenye skrini, kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Mwanzo macho yalikimbizana na alama. Mazoezi yalipokolea, macho yakaiacha alama ijiendee, yakawa yanaitangulia kwenye shabaha. Hakuna aliyewaagiza. Mkono ulipoaminika, macho yakaachiliwa.

Flanagan na Johansson walikuwa wamechapisha jingine miaka miwili kabla. Walimkalisha mtu atazame tu mwingine akipanga vipande vya mbao, mikono yake mapajani. Ungetarajia macho ya mtazamaji yaufuate ule mkono. Hayakuufuata. Yalikwenda mbele yake, yakangoja pale kipande kitakapowekwa, sawasawa na macho ya yule anayepanga. Kutazama kazi unayoielewa ni kuifanya, ila mikono imepumzika.

Juzi nilikaa upande wa pili wa baraza, nikiwa na nyuso zote mbili mbele yangu. Shangazi alikuwa kwenye ukanda, kwenye kona ngumu pale viua vinapopinda. Alichoma sindano, akavuta, na wakati uzi bado unapita, macho yake yakahama kwenda kwenye nukta ya pili. Nikapandisha yangu kumtazama mjukuu, begani. Ya kwake yalikuwa yamekwishatua palepale.